Bundi Aliyekuwa Ndani ya Simu

Mutuini,
Jumatatu, 6 Julai 2009

Kwa Madam Debra Wanjeri,
Shirika la Masikio ya Pori, Upper Hill.

Madam,

Sitakusalimia. Salamu nitakupa siku nyingine, kama tutafika hiyo siku bado tunaongea.

Mimi ni Kanyiva, mama yake Mumbua wa darasa la tano, yule mdogo mwenye pengo la meno ya mbele, wa kilabu chenu cha wanyamapori. Ninyi ndio mlimpa simu. Mwalimu Nthiwa alinieleza: watoto wapige picha vinyonga na ndege, na jioni wacheze sauti ya bundi mliyoiweka ndani ya hiyo simu, wangoje kama bundi wa kweli atajibu, wamrekodi, nanyi mjue wamebaki wangapi huku Dagoretti tangu watu waanze kuua panya kwa sumu. Nilifurahi, sikufichi. Mimi niliachia darasa la saba, na sasa mtoto wangu anafanyia watu wa ofisi kazi ya sayansi! Kila mtu pale Ngara ninaposhona yunifomu alisikia habari za Mumbua mpaka akachoka.

Lakini hakuna aliyeniambia hiyo sauti ingechezewa wapi.

Sasa sikiliza. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti mkubwa wa mukima. Dirisha lililo chini ya huo mti ni la Shosho Virginia, yule bibi mzee, mama ya landilodi wetu, Mbugua. Huyo Shosho ndiye anayekaa na Mumbua mpaka nitoke kazini. Mimi niko na mtoto peke yangu, na tangu akiwa wa kubebwa, Shosho ndiye humpa uji na kumtoa funza na kumchapa akistahili. Shosho ana uvimbe tumboni. Daktari wa hospitali kubwa huko kwenu alimpa tarehe 22 mwezi huu apasuliwe, na akasema wazi kwamba akikosa hiyo, nyingine iko mbali na uvimbe hautamngoja.

Mumbua akasimama chini ya mti giza likiingia, akabonyeza simu yenu. Huu! Huu! Kesho yake tena. Na tena.

Wewe ni Mkikuyu, mimi ni Mkamba, na hapa hatuna cha kubishana. Bundi akililia mgonjwa, amekuja kumwita. Watu humtupia kijinga cha moto aende zake. Shosho hakutupa moto. Amegeukia ukuta. Anasema ameitwa, na mtu aliyeitwa hana haja ya kumsumbua daktari. Chakula hataki. Nguo ya kuzikwa ameshaitoa kwa sanduku ikapigwa pasi.

Nilimwambia ni simu. Akanishika mkono, akaniambia, "Una roho nzuri, Kanyiva. Lakini mimi nilimjua bundi kabla mama yako azaliwe."

Ningemwonyesha, lakini mlikusanya simu zenu shule ilipokaribia mitihani. Yangu ni ya tochi tu. Nilienda kwa kijana wa saiba pale Ngara, akanitafutia bundi kwa kompyuta, akanichomea CD, tukaicheza kwa redio ya Mbugua. Shosho akasikiliza, akasema, "Huyo ni wa Wazungu. Aliyekuja kwangu si huyo."

Kwa hivyo naitaka hiyo simu. Hiyohiyo, na sauti hiyohiyo. Nimpe aishike kwa mkono wake, asikie aliyemwita ni nani. Nampa Mwalimu Nthiwa barua hii ailete. Usiiweke kwa meza.

Kanyiva
(Mama Mumbua)


Upper Hill,
Alhamisi, 9 Julai 2009

Mpendwa Mzazi,

Tumepokea barua yako na tunakushukuru kwa maoni yako.

Tunasikitika kusikia kuhusu afya ya jirani yako. Hata hivyo, ni vyema kutambua kwamba watoto walichagua wenyewe mahali pa kufanyia zoezi, na walishauriwa kuheshimu wakazi. Simu za mradi ni mali ya wafadhili. Zinafungwa tayari kupelekwa katika shule za Naivasha, na kanuni haziruhusu kumkabidhi mtu binafsi.

Aidha, bundi ni rafiki wa mkulima. Bundi mmoja hula panya wengi kwa msimu. Imani kwamba ndege huyu huleta kifo haina msingi wowote wa kisayansi, na imechangia sana kupungua kwake. Tunakuhimiza umwelimishe mgonjwa. Kwa ajili hiyo tumeambatisha picha kubwa ya rangi, ambayo unaweza kuibandika mahali anapoweza kuiona.

Wako katika uhifadhi,

Debra Wanjeri
Afisa wa Elimu kwa Watoto


Mutuini,
Jumapili, 12 Julai 2009

Madam Debra,

Picha tumeiona. Asante sana.

Mwalimu Nthiwa aliniletea bahasha yako nikiwa kando ya kitanda cha Shosho, nikimbembeleza anywe maziwa. Bahasha ni kubwa, ngumu. Nikadhani ni simu! Nikamwambia, "Shosho, imefika, sasa utasikia mwenyewe." Nikairarua palepale mbele ya macho yake. Bundi huyu hapa, mkubwa kama mtoto, macho ya njano, anamtazama.

Unajua alifanya nini? Hakupiga kelele. Alifunga macho, akasema, "Sasa wanamtuma hata kwa posta." Maziwa yote yakabaki kikombeni.

Unaniambia nimwelimishe. Mimi? Huyo mama amezika mume, amezika watoto wawili, na mara zote anakumbuka bundi alilia kwa mti gani. Mimi wa darasa la saba nimsimamie na picha nimwambie sayansi? Hata mimi mwenyewe, Madam, ninayejua ni simu, nikisikia hiyo sauti mgongo wangu unasisimka. Wewe je? Huko kwenu, akilia juu ya nyumba mama yako akiwa mgonjwa, utaandika panya anaokula kwa msimu?

Jana Mbugua alinisimamisha mlangoni. Si mtu mbaya, lakini anayeumwa ni mama yake. Alisema:

"Mama Mumbua, kuna bundi ama hakuna?"

"Hakuna, Bwana Mbugua. Ni simu ya shule."

"Simu iko wapi?"

"Iko Upper Hill."

"Kwa hivyo bundi wa kumwita mama anakaa Mutuini, na simu ya kumwokoa inakaa Upper Hill." Akacheka, lakini si kicheko. "Jumamosi naleta watu wa msumeno, huo mti uanguke. Na mama akienda, wewe na mtoto wako msingoje mazishi kabla ya kuhama."

Hapa kwa plot tunapopanga, watoto wanamwita Mumbua "Bundi." Akitoka shule anakaa kwa ngazi ya nje, kwa sababu haingii kwa Shosho. Anaogopa akiingia tu Shosho atakufa. Mtoto wa miaka kumi, Madam. Nilimzaa bado mimi mwenyewe natumwa dukani, na kitu kimoja nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba huyu hataogopa mlango wa mtu.

Ijumaa nilikuja huko kwenu. Hujui, kwa sababu askari wa geti aliniuliza nina miadi na nani, nikasema na Debra, akapiga simu juu, akaniambia uko kwa mkutano wa kuhifadhi. Nikangoja mpaka nikaona wasichana wa ofisi wanatoka na vikapu vya chakula. Labda mmoja alikuwa wewe. Mimi sikujui, nawe hunijui.

Kanuni zako zimfuate mtu mwenye afya, sawa. Hizi zinamfuata mama mgonjwa mpaka kaburini. Naitaka simu.

Kanyiva


Mutuini,
Jumatatu, 13 Julai 2009

Kwa mpendwa Madam Debra,

Natumai u mzima kama mimi nilivyo mzima kidogo. Lengo la barua hii ni kukujulisha mambo ambayo mama hayajui. Tafadhali usimwambie nimeandika. Mwalimu Nthiwa amenipa karatasi.

Mama amesema ulisema sisi tulichagua mahali. Madam, samahani, lakini ni wewe. Ulikuja na gari la kijani, ukauona mti wetu, ukaonyesha kwa kidole, ukasema hapa ni pazuri sana. Mimi nikainua mkono nikasema, kuna Shosho mgonjwa hapo. Ukasema bundi hawaumi wagonjwa. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka.

Jambo la pili. Mama anaambia kila mtu hakuna bundi, ni simu tu. Lakini yuko. Siku ya mwisho kabla ya kurudisha simu alijibu. Alikaa juu ya tawi, mkubwa, akageuza kichwa chote nyuma kama kifuniko cha chupa. Nilimrekodi. Iko ndani ya simu, utasikia. Sasa anakaa huko. Nadhani tulimwita, akakuja, akaona panya ni wengi kwa ghala la Mbugua, akabaki.

Nikimwambia mama kwamba bundi yuko, ataonekana mwongo kwa Shosho. Nisipomwambia, Jumamosi wanakata mti na bundi yuko ndani. Sijui nifanye nini. Darasani ulisema tukiwa na swali tukuulize.

Je, Shosho akikufa ni mimi?

Ni mimi wako,
Mumbua Kanyiva, Darasa la Tano


Upper Hill,
Ijumaa, 17 Julai 2009

Mama Mumbua,

Simu unayo sasa. Kijana wa pikipiki ameagizwa aiweke mkononi mwako, si kwa mwingine. Nimeitoa kwenye katoni bila ruhusa. Mkurugenzi wetu, Bwana Lazarus, ataiulizia Jumatatu, nami nitajua la kumjibu.

Niliandika kwamba watoto walichagua mahali. Haikuwa kweli. Nilichagua mimi, na nikaambiwa kuna mgonjwa, na sikusikiliza. Kuhusu picha sina la kusema.

Ningekuja mwenyewe Jumamosi, ila wafadhili wanafika kesho na nimepangiwa kuwapokea.

Sauti iko kwenye faili la kwanza. Bonyeza kitufe cha katikati. Lakini kabla ya kuwasha chochote, tafadhali kaa na Mumbua umwulize anajua nini kuhusu mti ule. Usimkemee. Mwache amalize.

Debra


Mutuini,
Jumapili, 19 Julai 2009

Madam Debra,

Ati wafadhili.

Haya. Kaa chini nikuambie ulichokosa, kwa sababu ulitakiwa kuwa hapa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, simu kwa mkono mmoja, karatasi kwa mwingine, na nje msumeno wa Mbugua umeshaanza kukohoa. Nikaona umeandika nikae na Mumbua kwanza. Nikasema nitakaa naye baadaye. Mti unaanguka, nikae? Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwa Shosho. Alikuwa ananiambia "Mama, ngoja, Mama," nami namwambia, "Nyamaza, utasema tukimaliza."

Mbugua akaingia nyuma yetu na vumbi la mbao kwa viatu. Nikamwambia awaambie wanaume wake wazime kidogo. Akasema dakika moja tu. Giza lilikuwa linaingia.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwonyesha Shosho simu. Nikabonyeza katikati.

Huu! Huu!

Shosho akakamata blanketi. "Ndiye huyo."

"Si unaona yuko mkononi mwangu, Shosho?"

"Naona. Rudia."

Nikarudia. Akasogeza sikio. Nikaona uso wake unaanza kulegea, Madam, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mbugua naye akashusha pumzi, akasema, "Kumbe ni kweli." Nikataka kulia kwa furaha.

Ndipo yule mwingine akajibu kutoka kwa mti.

Mbugua akaruka kwa jiko kutafuta kijinga. Mumbua akaangua kilio: "Mama, yuko wa kweli! Nilikuwa nataka kukuambia! Alikuja kwa sababu ya simu!" Na mimi nimepiga magoti hapo na simu yako, nimemletea mama wa watu bundi wawili badala ya mmoja. Nilikulaani. Nakuambia ili ujue. Nilikulaani kwa Kikamba, na kwa Kikamba inaingia ndani.

Shosho akasema, "Mbugua, rudisha huo moto. Mumbua, hebu kuja."

Mtoto hakuwa amevuka huo mlango wiki nzima. Akaenda, amejibana na ukuta.

"Umesema alikuja kwa sababu ya nini?"

"Ya simu, Shosho. Anadhani ni mwenzake."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Ndege akajibu. "Bonyeza tena." Akajibu tena. Shosho akamwambia aache, na bundi naye akaacha. Kisha akamtuma: "Nenda nayo jikoni, uibonyeze ukiwa huko." Tukaona kivuli kinapita dirishani bila sauti, halafu kishindo kidogo juu ya mabati ya jikoni. Shosho akaniambia nimwinue. Nikamwinua, Madam, mwepesi kama kikapu kitupu, tukachungulia dirishani pamoja. Huyo hapo, amesimama juu ya bomba la moshi, ameinamisha kichwa, anaibembeleza simu ya shule.

Nilingoja Shosho aanze kulia. Badala yake nikahisi mgongo wake unakuwa mgumu mikononi mwangu.

"Mjinga," akasema.

"Nani, Shosho?"

"Huyo! Mjinga kabisa! Siku zote hizi nimelala hapa na njaa, nimeaga watu, nimepiga nguo yangu pasi, kwa ajili ya ndege anayetongoza simu? Mungu akitaka kuniita atamtuma huyu? Huyu hata jina langu hajui! Hajui hata kama ni jikoni ama ni chumbani!" Akamgeukia Mbugua: "Na wewe, unakata mti wa baba yako nikiwa nimelala, hata huniulizi? Waambie hao wanaume waende kwao. Kanyiva, uji uko wapi? Kwani hapa nyumbani watu wameacha kupika?"

Alikunywa vikombe viwili. Cha pili alimwamrisha Mumbua amshikie, akawa anamgombeza kati ya kila funda kwa kucheza na vitu vya watu chini ya madirisha. Mtoto analia na kucheka. Mimi nilitoka nje nikakaa kwa ngazi, nikalia peke yangu mpaka nikamaliza.

Hasira yangu kwako haijaisha. Usifikiri kikombe cha uji kimekufuta. Nataka mambo yafuatayo, na nikikosa nakuja na askari wenu wa geti atanijua. Ile karatasi ya maagizo mliyowapa watoto, niliitoa kwa mkoba wa Mumbua, yote ni Kiingereza. Iandikeni Kiswahili mama kama mimi aisome. Na kabla mtoto hajawasha sauti ya mnyama yeyote, mtu mzima apite aulize nani amelala karibu, na mtoto akiinua mkono kusema kuna mgonjwa, asichekwe. Mumbua ameniambia yote sasa. Yote.

Kuhusu huyo ndege. Mbugua ameacha mti. Amesema bado hampendi, lakini sumu ya panya hataiweka ghalani tena, aone kama kweli huyo mjinga anafanya kazi. Mumbua atamrekodi kwa daftari kila Jumamosi. Hayo mwandike kwa kompyuta zenu kwa jina lake kamili, si "mtoto wa Mutuini."

Simu nabaki nayo mpaka Shosho apande gari Jumanne kwenda kulazwa. Ameniambia nisiipeleke popote, anaweza kuitaka. Mwambie Bwana Lazarus hivyo.

Kanyiva


Hospitalini,
Alhamisi, 23 Julai 2009

Debra,

Nakuandikia nikiwa kwa benchi nje ya wodi. Nikisimama naona paa la jumba lenu juu ya miti. Sikujua ni karibu hivi.

Jana walimpeleka ndani asubuhi. Mbugua alitembea kwa veranda mpaka nesi akamwambia aketi. Mumbua alikuwa shule, nilikataa akose. Mimi nilishona mikono ya sweta moja mara tatu, nikaifumua mara tatu. Mchana ukapita. Daktari alipotoka hakunitazama mimi, alimtazama Mbugua, na nikasema moyoni, basi, tayari, ni huyo ndege, ni mimi, ni Debra, ni sisi sote. Kumbe alikuwa anatafuta tu mtoto wa mgonjwa ni yupi. Uvimbe umetoka. Wote.

Usiku huo hakuamka vizuri. Alifungua macho akayafunga. Hakumjua Mbugua. Nesi alisema ngojeni, nasi tukangoja.

Leo asubuhi nimeingia na thermosi. Amefungua macho, akanijua. Halafu sauti yake ikatoka, ndogo, imekauka:

"Yule msichana wa ofisi. Aliyeonyesha mti wangu kwa kidole. Yuko wapi?"

Nikamwambia uko hapa juu tu.

"Na hajakuja?"

"Hajakuja, Shosho."

"Mlete." Akajaribu kuinuka, akashindwa, akapiga shuka kwa ngumi. "Mlete hapa nimwambie kitu. Kwani anafikiri watu wa Mutuini ni miti?"

Masaa ya kuona wagonjwa ni saa sita hadi saa saba, halafu jioni. Wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Usitume pikipiki. Atakugombeza mpaka utoke jasho, mbele ya wagonjwa wote, na utakaa hapo usikilize, na mimi nitakaa kando yako nikusaidie kubeba. Alipokuwa anangoja kufa hakumkasirikia mtu hata mmoja, alikuwa mpole kama maji ya mtungi, na huo upole ndio ulinitisha kuliko bundi.

Sasa amekasirika, dada yangu. Amekasirika kabisa. Njoo haraka, asije akapoa.

Kanyiva